Jicho la Pili la Nereida

Mjukuu wangu Nereida alizaliwa na jicho la kushoto lenye kiburi. Akitazama mbele, limetulia. Akitazama kulia, linapanda juu kama mbuzi aliyeona majani ya jirani. Wasichana wa hapa kijijini walimwita Mtazama-dari. Yeye alitaka kitu kimoja tu: siku ya kutimiza miaka kumi na mitano, ambayo kwetu msichana husherehekewa kwa gauni na taji, acheze dansi yake mbele za watu bila kukaza shingo.

Daktari wa mjini alituambia, "Kuna msuli chini ya jicho unavuta kupita kiasi. Tutaulegeza. Ila na la kulia naona linaanza kidogo. Afadhali tuyafanye yote mawili."

Binti yangu Casilda, mama yake Nereida, akakaa wima. "Daktari, mimi Mtakatifu Lusia, msimamizi wa macho, nilimwomba jicho moja. Nimeshamtundikia kanisani jicho moja la bati, la nadhiri. Nikichukua mawili ni wizi."

"We Casilda," nikamwambia, "mtakatifu mwenyewe kwenye sanamu ameshika macho mawili kwenye sahani. Hilo la pili unadhani ni kitoweo?"

"Mama, usimtanie mtakatifu."

Likapasuliwa moja. Likapona, likawa na adabu. Nereida akawa anashinda kwenye kioo akitazama kulia, anacheka peke yake.

Asubuhi ya sherehe akaja mpiga picha, Don Abundio. "Tazama bega la kushoto, binti."

Jicho la kulia likapanda, mboni ikapotea nusu. Don Abundio akashusha kamera. "Basi geukia kulia," akasema taratibu. Picha ikatoka nzuri, malkia mtupu.

Nereida akaitazama. "Bibi, picha ina upande mmoja. Dansi inazunguka."

"Tutarudi hospitali," Casilda akasema.

"Na leo je, mama?"

Akajifungia chumbani. Uani wageni wamemaliza tamale za unga wa mahindi, bendi inarudia wimbo uleule, kijana wa kucheza naye kasimama katikati, hajui mikono aiweke wapi. Casilda alipiga magoti mlangoni, mara amwombe mtoto msamaha, mara amwombe mtakatifu, mpaka sikujua anamsemesha nani.

Mimi alinifungulia. "Twende, mjukuu wangu. Kijana mwenyewe ana miguu ya bata. Watu watatazama miguu yake."

Hakucheka. Akajilaza na gauni lake lote lile, akavuta blanketi hadi juu ya taji.

Nje wanamuziki wakaanza kufungasha vyombo.