Chapati za Kina Kissa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta.

Mwaka 2009 nilikuwa msaidizi wa darasa la hesabu la Jumamosi, katika chumba cha kuazima ghorofa ya tano, karibu na Barabara ya Zhanqian, ugenini kwa Wachina. Watoto walikuwa wa wafanyabiashara wenzetu waliotoka Mbeya, Moshi na Bukoba. Na mimi nilikuwa mfanyabiashara, mpaka jinzi zangu zilipoota ukungu bandarini Huangpu na biashara ikaniaga. Mwalimu alikuwa Gaudiosa, dada wa Kihaya aliyekuja kwa skolashipu kusomea hisabati chuo kikuu. Yeye alifundisha ubaoni. Mimi nilikaa nyuma na waliokwama, nikiwa na mfuko wa vifungo nilivyookota kwenye karakana za kushonea nguo kule Kangle. Watoto waliniita Laoban Vifungo, yaani Bosi Vifungo. Cheo hicho sikukikataa, maana kingine sikuwa nacho.

Aliyekwama siku ile ni Kissa, wa miaka minane. Tangu polisi waanze kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza pasipoti, yeye akiitwa ubaoni anakuwa bubu. Sisi tukadhani kuzidisha kumemshinda.

"Kaka Didas," Gaudiosa aliniambia, "leo asipojibu, Jumamosi ijayo anakaa mkekani na wa chekechea."

Kissa alisikia. Akautazama mkeka, ambapo wadogo walikuwa wanapaka picha za bata rangi ya njano.

"Njoo kwa laoban," nikamwita. "Hesabu za kitabuni ni za watu tusiowajua. Tufanye za kwenu. Mama akipika chapati, kila mtu anakula ngapi?"

"Mbili."

"Loo, kwenu matajiri! Kwa hiyo anapika ngapi?"

"Kumi na nne." Alijibu papo hapo, hata vidole hakutumia.

"Kwani mko wangapi?"

Akainamia daftari, akakariri kama anasali: "Tuko watatu. Baba, mama na mimi."

"Watatu, chapati kumi na nne? Basi Baba Kissa anakula kumi peke yake! Huyo baba au mashine ya kusaga?"

Darasa zima likacheka. Kissa hakucheka. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nachekesha, nikajiona nafundisha.

Nikamwaga vifungo mezani. "Haya, nipangie watu wa kwenu. Kifungo kimoja, mtu mmoja."

Alinitazama, akautazama mlango. Kisha akaanza kupanga polepole: kifungo kikubwa cha koti, kingine chekundu, kile kidogo cha shati, na vingine vinne vyeusi pembeni, vimelala vimebanana. Vikawa saba.

Nilikuwa ndiyo kwanza nafumbua mdomo, mlango ukagongwa. Siyo hodi ya jirani, ngumi hasa. Gaudiosa akabaki na chaki hewani. Watoto wote wakaweka kalamu chini, hata wa bata.

"Shui!" sauti ikaita nje. Maji. Alikuwa kijana wa kuleta mitungi ya maji.

Tukashusha pumzi. Lakini nilipogeuka, mkono wa Kissa ulikuwa umeshapita juu ya meza. Vile vyeusi vinne vilikuwa ndani ya ngumi yake. Katika alivyovipanga vimebaki vitatu, vimenyooka mstarini.

Hapo nikaelewa. Mimi mwenyewe, bila viza, nilikuwa nalala sebuleni kwa rafiki yangu Humphrey, na kwenye karatasi za polisi Humphrey aliishi peke yake. Wakigonga, najibana barazani nyuma ya nguo zilizoanikwa. Hata mimi ni kifungo cheusi, na bado nilikuwa nimekaa pale namtania mtoto anayeficha wenzangu.

Gaudiosa alipokea mtungi, akafunga mlango, akaja.

"Enhe, anashuka mkekani au hashuki?"

"Hashuki. Huyu anaweza, Mwalimu."

"Anaweza nini? Nimesikia kwa masikio yangu. Watu watatu, chapati kumi na nne."

"Labda... labda nyingine ni za kesho asubuhi."

"Kaka Didas, utani wako peleka sokoni."

"Sitanii. Mwache tu."

"Nimwache kwa lipi? Hata wewe huna jibu!"

Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa langu la kutoa. Nikabaki nachezea vifungo kama mwehu. Gaudiosa akachuchumaa mbele ya mtoto, sauti ikapungua ukali.

"Kissa mwanangu, nisikilize. Watu watatu ni chapati sita. Chapati kumi na nne ni watu saba. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Umekosea watu, au umekosea chapati?"

Kissa alisubiri mpaka viatu vya kijana wa maji vikaishia chini ya ngazi. Ndipo akafungua ngumi, akavirudisha vile vinne mezani, kimoja kimoja.

"Sijakosea, Mwalimu. Mama amenikataza kutaja watu. Chapati hajanikataza."