Chini ya Kitanda cha Jedidah

Mithika wa Kanyakine alikuwa na mdomo ambao, kama serikali ingeutoza kodi, barabara ya kwenda Isiolo ingekuwa ya lami zamani. Shule aliiacha darasa la pili. Kusoma alijifundisha mwenyewe kwa vipande vya magazeti ambavyo Ismael, mwenye duka mjini Meru, alifungia sukari na chumvi. Kwa hiyo elimu yake ilikuwa ya vipande. Vita alijua jinsi vilivyoanza, asijue vilikwishaje, na hotuba za wakubwa alizikariri mpaka pale karatasi ilipochanika. Yeye hilo halikumsumbua. Palipochanika alijaza mwenyewe.

Katika mikutano ya siri, wakoloni walipotangaza Hali ya Hatari, hotuba yake moja ilipendwa kuliko zote. Mwanamume akishatahiriwa, alisema, hana mama tena. Mama yake ni ardhi, na anayerudi rudi jikoni kwa mama yake hafai hata kubeba maji ya wapiganaji. Vijana walikula kiapo cha wapiganaji wa msituni wakiwa bado wanatetemeka kwa maneno hayo. Naye akitoka hapo alikata njia ya mkato hadi kwa mama yake, Jedidah, akala njahi, yale maharagwe meusi ya kwao, sufuria nzima.

Gacheri, mke wake wa miaka miwili, alikuwa na jiko lake mwenyewe, hatua arobaini kutoka hapo, na chakula chake kikapoa humo kila siku. Hakugomba. Alimngoja mlangoni, akamwuliza kwa upole:

"Ardhi yako leo imekupikia nini?"

Sasa, mila ya huko ni hii. Mvulana akishatahiriwa, nyumba ya mama yake hugawanyika mara mbili. Upande wa moto hubaki wake. Ataketi kwenye kigoda, atakula, atasema. Upande wa kitanda umefungwa kwake mpaka kufa. Hakikalii kitanda kile, hakigusi, hata macho hayapeleki huko. Anayekigusa ni kama amemvua mama yake nguo, na hatakuwa mume wa mtu mpaka atakaswe. Na mama wa wenzako wa rika moja, waliotahiriwa nawe, naye ni mama yako, kitanda chake vilevile. Jedidah alikuwa amebatizwa na wamisheni wa Kaaga, Jumapili alivaa kitambaa cheupe, lakini juu ya kitanda hicho Biblia na wazee walikuwa neno moja.

Mwaka wa hamsini na nne, Jumanne moja saa sita mchana, hom-gadi, wenyeji walioshikia serikali silaha, walikuja kumkamata Mithika akiwa na kijiko mdomoni. Siku hiyo alikuwa ameingoja. Alikuwa amepanga kuwapokea amesimama, na hata maneno alikuwa nayo tayari, mazuri, ya kusimuliwa na wajukuu. Aliposikia makubadhi ya tairi uani, akili yake ikaenda kuyachukua yale maneno. Miguu haikungoja. Akili iliporudi ilimkuta amelala kifudifudi chini ya kitanda cha mama yake, kati ya ngozi za mbuzi na vibuyu vya mbegu.

Jedidah aliinuka. Alitoka motoni, akaketi kitandani, akaliachia shuka lake lining'inie karibu kufika chini.

Aliyeingia kuongoza wenzake alikuwa Kithaka, mwana wa jirani. Yeye na Mithika walisimama pamoja mtoni kwenye maji ya alfajiri, wakatahiriwa kwa kisu kimoja. Kisha mmoja akachukua kiapo, mwingine akachukua bunduki ya serikali.

"Nyumba ni hii," Jedidah akamwambia. "Na kitanda changu hiki hapa, Kithaka. Kama mama yako alikufundisha kutazama vitanda vya mama zako, tazama."

Mithika aliona vidole vya miguu ya Kithaka vikijikunja. Rungu likaanguka, likaokotwa. Kisha Kithaka akawageukia wenzake waliobaki mlangoni.

"Hakuna mwanamume humu," akasema.

Wakaondoka. Mithika alitambaa akatoka, na katika maisha yake yote hajawahi kukubaliana na hom-gadi kama alivyokubaliana na yule. Jedidah alimpangusa utando wa buibui kichwani kwa kidole gumba, kama apanguswavyo mtoto mchanga, akamwambia amalize chakula kinapoa. Akamaliza.

Tangu siku hiyo hakuwa mume wa Gacheri. Yeye mwenyewe alilaumu uchovu. Halafu akalaumu kazi ya kulazimishwa ya kuchimba matuta, halafu chumvi ya serikali, ambayo kwa maelezo yake wakoloni waliitia dawa ya kupunguza Waafrika. Gacheri alisikiliza yote. Mwishowe alimwambia kwamba yeye aliolewa ili azae, kwao Igembe wameanza kuuliza, na kama mpaka mavuno ya maharagwe hajapata jibu, atarudi kwao.

Kumtakasa mtu wa namna ile kulitaka kondoo mmoja na kitu kimoja zaidi: mkosaji aliseme kosa lake kwa sauti, mbele ya watu. Mithika alipima. Watu mia mbili walikuwa wamekula kiapo kwa sababu ya hotuba yake. Akaona afadhali afe kimya. Kwa hiyo alipokamatwa sokoni, mwezi mmoja kabla ya mavuno, akinunua kiberiti, bila maneno ya wajukuu wala chochote, aliingia kwenye lori karibu akishukuru. Kizuizini hakuna anayedaiwa ndoa.

Kambi waliyompeleka ilikuwa upande wa Embu, na humo kila mtu alitaka kuungamiwa. Afisa alitaka majina, mhubiri alitaka dhambi. Mithika aliwanyima wote, na kwa hilo apewe sifa yake, hata kiboko hakikumtoa jina. Mwaka wa pili akaja mzungu wa tatu, mpole, mwenye kiti chake cha kukunja. Mahabusu walimwita Daktari wa Ndoto. Serikali ilimtuma atafute ugonjwa uliowafanya watu waichukie. Mkalimani wake alikuwa Muturi, Mwembu aliyewahi kuwa mwalimu, mtu aliyechoka.

Daktari aliuliza Mithika aliachishwa ziwa akiwa na umri gani. Mithika akasimama.

"Mwambie hatukuachishwa ziwa. Tulinyang'anywa malisho ya Timau. Ziwa la mama yangu halijawahi kutiwa seng'enge."

Muturi akatafsiri. Daktari akaandika muda mrefu. Mithika, kifua mbele, akauliza ameandika nini.

"Ziwa," Muturi akasema. "Timau ameiruka."

Ndipo Daktari akauliza anaota nini. Kwa swali hilo Mithika alikuwa na ndoto tayari, ya bendera na simba. Alipofungua mdomo, ule mdomo ambao haujawahi kumsaliti, kikatoka kitanda. Alisema yote: ngozi, vibuyu, visigino vya mama yake mbele ya pua yake, harufu ya mafuta ya mbarika na moshi. Akasema hata lile ambalo hakuwa amejiambia mwenyewe. Kule chini hakuogopa. Kulikuwa na giza lenye joto, na pumzi ya mama yake juu, na alitamani Kithaka akawie kidogo, na Uhuru wenyewe ungoje uani. Mara moja tu alikuwa amejisikia karibu na Mungu namna hiyo, siku ya kiapo, kiganja kikiwa na udongo. Kisha akasema la Gacheri.

Daktari alifurahi kama mtu aliyepata mbuzi wake. Akaeleza kwamba ni mlango mmoja. Msitu, kiapo, maombi, kifua cha mwanamke, vyote ni mtu kugonga pale alipotoka, na anayeurudia mlango wa kwanza hawezi kuufungua wa pili. Mithika alikasirika wiki nzima. Kama mzungu yule angekosea kabisa, angemdharau na kulala. Lakini alikuwa amelilenga shimo lenyewe, kwa fimbo ya kuazima, huku amekanyaga Timau.

Alimwuliza dawa. Daktari akasema dawa ni kujua.

"Kujua ninajua," Mithika akasema. "Miaka miwili ninajua."

Muturi, akikikunja kiti, akamwambia bila kuinua kichwa: "Kwetu Embu tungechinja kondoo."

Walimwachilia mwisho wa hamsini na saba. Alikuta watu wamekusanywa kijiji kimoja, nyumba mistari mistari, handaki limezunguka. Nyumba ya mama yake ilikuwa mpya. Kitanda kilikuwa kilekile, mama amekihamisha kwa mgongo. Na Gacheri alikuwapo.

"Nilisema mavuno ya maharagwe," akamwambia. "Sikusema ya mwaka gani. Sasa ninasema. Ni Jumamosi hii."

Ilikuwa Jumatano. Mithika akaenda kwa Jedidah, akaketi upande wa moto, akasema kwamba anataka kondoo.

"Nilikuwa ninangoja mdomo wako ufike hapo," mama yake akasema. "Lakini si wewe peke yako. Mwenzako alinijia mwaka jana akilia."

Akamwita Kithaka. Bunduki ilikuwa imekwisha kurudishwa kwa serikali, na bila bunduki Kithaka alikuwa mfupi. Alisema, macho chini, kwamba siku ile alipoinama kuokota rungu alitazama. Aliyaona macho ya Mithika. Kusema asingeweza: angefungwa kwa kumwacha mtu anayetafutwa, na angejulikana ni mtu aliyechungulia chini ya kitanda cha mama wa mwenzake wa rika. Tangu hapo yeye na mke wake walikaa kama ndugu.

Mithika akasema hatakaswi sahani moja na msaliti.

"Mmoja aliingia kwa mwili, mwingine kwa macho," Jedidah akasema. "Kitanda ni kimoja, kondoo ni mmoja. Au kaa na uanaume wako wa mdomo."

Ijumaa asubuhi, mbele ya mistari yote ya nyumba, Mithika alitoa hotuba fupi kuliko zote za maisha yake.

"Hom-gadi walipokuja," alisema, "mimi niliyewaambia hamna mama, nilijificha chini ya kitanda cha mama yangu."

Wanawake ndio walioanza kucheka. Wale vijana wa kiapo walimtazama kwanza kama wanaotaka kumpiga, kisha mmoja akakumbuka njahi alizomwona akila kwa mama yake, na kijiji kizima kikacheka. Kithaka akasema lake, hakuna aliyecheka. Mzee wa ukoo akawapaka wote wawili majani yaliyotoka tumboni mwa kondoo, akawapa ubavu mmoja waushike huku na huku, waung'ate pamoja. Mithika aliuma. Hakusamehe. Katika kutafuna alizihesabu nyumba ambazo Kithaka alizichoma, moja moja, kwa majina ya wenyewe, na anazikumbuka hadi leo. Kondoo husafisha kitanda. Majivu ya nyumba za watu hayamhusu.

Jioni alipita mlangoni kwa mama yake, harufu ya njahi ikamvuta ukosi, akapita. Gacheri alimwona akija.

"Ardhi yako leo imekupikia nini?"

"Sijaenda," akasema. "Nimekuja kula kwako."

Njahi za Gacheri zilikuwa na chumvi nyingi, labda kwa makusudi. Alikula zote. Jumamosi Gacheri alikwenda sokoni, wala hakwenda mbali zaidi ya hapo, akarudi na kitambaa cha kubebea mtoto, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kungoja mavuno mara ya pili.

Akazaliwa msichana. Na kwa kuwa msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, Gacheri alimfunga vizuri katika kitambaa kile, akamweka mikononi mwa mtu wa hotuba.

"Mshike Jedidah," akamwambia. "Sasa zamu yako kumbeba."