Harufu Ikishaisha

Esnart alianza kushona majani ya tumbaku kwenye fito kabla jua halijachomoza, na kufikia wakati wa uji vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Wiki ileile alikuwa amemzika mwanawe. Majirani walimsihi apumzike, lakini tumbaku haijui matanga. Ikichumwa lazima itundikwe, isipotundikwa inaoza, na mumewe Lyton asingeweza kuishona peke yake.

Mtoto aliitwa Tamandani, alikuwa na miaka minne. Asubuhi ya siku aliyokufa aliamka na kiu, akanywa maji ya kwanza kutoka kwenye dumu jipya la bluu, na kabla uji haujachemka alikuwa ameanguka mlangoni, anatapika, mate yanamtiririka kama mtoto mchanga anayeota meno. Lyton alimpakia kwenye baiskeli ya jirani, Esnart akakimbia nyuma. Kule zahanati mganga alimfunua jicho, akaona mboni imesinyaa kama ncha ya sindano.

"Amekunywa nini huyu?"

"Maji tu, bwana mganga."

"Maji yalikuwa kwenye nini?"

"Kwenye dumu."

"Dumu la nini, mama?"

Alipotaja dawa ya tumbaku, muuguzi alijipiga mapaja. "Jamani nyinyi watu wa mashambani! Ujinga gani huu? Hukuona picha ya fuvu?"

Aliiona. Aliona pia maandishi ya Kizungu yaliyoizunguka, asiweze kusoma hata neno moja. Alidhani fuvu lile ni la wadudu, kwamba dawa inaua wadudu, basi. Karatasi yenyewe aliisugua kwa mchanga mpaka ikabanduka, ili dumu lipendeze. Kisha akaliosha kwa majivu kama walivyofanya wanawake wote wa shambani pale, akalinusa, akaliosha tena. Harufu ikishaisha, dumu ni lako. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na waliomtangulia, nao waliambiwa hivyo na waliowatangulia. Hakuna aliyemwambia kwamba mkono wa dumu una uwazi ndani yake, na dawa hujibanza humo mpaka dumu liinamishwe. Hilo alilisikia kwa mganga, mtoto akiwa amekwisha kufunikwa shuka.

Jua lilipopanda, ringi ya gurudumu iliyoning'inizwa nje ya ghala iligongwa. Mnyapara Maloya alipita kwenye mabanda akipiga makofi.

"Acheni kazi, acheni kazi! Bwana afya amekuja kwa ajili yenu. Akina mama kaeni mbele."

Bwana afya alikuwa kijana mnene mwenye viatu vilivyong'aa. Alianza kwa kutoa pole, na Esnart akainamisha kichwa kuipokea. Kisha kijana akapaza sauti kama mwalimu wa chekechea.

"Haya, mama zangu. Ujinga ni nini?"

Wanawake walitazamana. Mmoja akajibu, "Ni kutojua."

"Wote!"

"Ni kutojua!"

"Na kutojua kunafanya nini?"

Macho yote yalikuwa yakikwepa upande aliokaa Esnart.

"Kunaua," alijijibu mwenyewe. "Maji yawekwe kwenye ndoo safi au mtungi. Madumu ya dawa yatobolewe, yafukiwe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!"

Esnart aliinua mkono. Lyton, aliyesimama kwa wanaume, alitikisa kichwa kumkataza, lakini mkono ulikuwa umeshaonekana.

"Bwana afya, mimi sijasoma. Nauliza tu. Dumu nilipewa hapo ghalani, kwa mkono wa mnyapara. Aliniambia, 'Shika, mama, la kuchotea maji.' Sasa mjinga ni mimi niliyepokea?"

Kicheko kidogo kilitoka kwa wanaume, kikafa. Maloya alikunja uso.

"Mimi nilikupa dumu, sikukupa sumu. Ungeniuliza ningekwambia."

"Ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo?"

"Basi ndiyo ujinga wenyewe huo!"

"Sawa, bwana mnyapara. Lakini nimekufulia nguo msimu uliopita, nyumbani kwako napajua. Mkeo ana mitungi miwili na ndoo ya bati. Mbona kwako hakuna dumu la bluu hata moja?"

Hakuna aliyecheka. Mahali fulani kwenye kundi mwanamke aliguna, "Mm-hm," kama mtu aliyeonja mboga akakuta chumvi imezidi. Maloya alimgeukia bwana afya, na bwana afya akajishughulisha na kufuta viatu kwa jani.

"Mambo ya ghala ni ya uongozi," alisema hatimaye. "Mimi kazi yangu ni kuelimisha."

Akaelimisha kidogo tena, habari za kunawa mikono, akaondoka. Nyuma ya pikipiki yake walimfungia maboga na jogoo.

Alasiri lori lilileta wakulima wapya kutoka kusini, familia zilizochoka, zenye magodoro yaliyofungwa kamba na kuku miguuni. Maloya aliwapangia vibanda, kisha akawaita ghalani. Esnart, akiwa juu ya ngazi anatundika fito, aliwaona wakitoka mmoja mmoja. Kila mwanamke alikuwa na dumu la bluu.

Alishuka. Alimfuata aliyekuwa karibu, mwanamke mwembamba aliyebeba mtoto mgongoni, jina lake Falesi, akamkuta kisimani akilisugua dumu kwa maji na mchanga.

"Dada, hilo usiwekee maji. Lina sumu. Limeniulia mtoto wiki hii."

Falesi alimtazama kutoka juu hadi chini, vidole vyeusi, kitambaa cha msiba kichwani.

"Pole kwa msiba, mama. Lakini nimeambiwa ukisugua harufu inatoka."

"Harufu inatoka, sumu inabaki. Iko humu, kwenye mkono."

"Wewe unachotea nini?"

"Sufuria ninayopikia ugali wa nsima."

"Mimi sina hata sufuria. Moja niliyokuwa nayo imetoboka njiani." Falesi alisugua kwa nguvu zaidi. "Huoni kisima kilivyo mbali? Na nyumba zetu ziko wapi? Nichote kwa viganja?"

"Nitakuazima yangu."

"Leo utaniazima. Na kesho?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Au mnataka madumu yote yawe yenu ninyi wa zamani? Semeni tu."

Maneno aliyopewa na mganga Esnart alikuwa ameyatumia yote, na yaliisha pale pale. Alichomoa kisu cha kuchumia majani kiunoni mwake, akalivuta dumu, akalichoma ubavuni. Maji machafu yakatiririka kwenye miguu yao. Falesi alipiga yowe, akamzaba kofi, na mtoto mgongoni akaanza kulia. Watu wakakimbilia, na Maloya nyuma yao.

Hakufoka. Alilitazama dumu, akamtazama Lyton.

"Mkeo amekuwa na maneno mengi. Tumbaku yenu ataimalizia mwingine. Kesho lori likirudi mpande."

"Bwana mnyapara, ni uchungu wa mtoto," Lyton alisema. "Msamehe."

"Kesho."

Lyton hakumgombeza mkewe. Aliingia ndani, akaanza kufunga godoro, na lile fundo la kamba lilimshinda mara kwa mara mpaka akaketi chini akalishika tu.

Esnart alibaki mlangoni. Hakujua wangelifukua vipi kaburi la mtoto wamchukue, na alijua kwamba hawatalifukua. Ng'ambo ya uwanja, mbele ya kibanda kipya, Falesi alikuwa amewasha moto. Alikipasha kisu mpaka kikawa chekundu, akayeyusha nacho kipande cha plastiki juu ya tundu la dumu, taratibu, ulimi nje kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Aliacha kipoe. Akakisugua kwa kidole, akaongeza kipande kingine. Kisha mumewe akaja na maji kwenye dumu la jirani, wakalijaza, wakalilaza ubavu juu ya jiwe, wote wawili wakainama kuangalia.

Halikuvuja hata tone.