Namba Zilizomvusha Billy Mto

Adhis alikuwa juu ya mnara wa simu mtaani Gatina, Nairobi, amejifunga mkanda, anakaza nati za antena, simu yake ilipotetema mfukoni. Hakuishika. Fundi aliyemfunza kazi alimkanya tangu mwanzo kwamba ukiwa juu huna ndugu wala jamaa mpaka ukanyage chini. Alipokanyaga chini ndipo aliposoma ujumbe uliotoka kwa mtu asiyemjua, mwenye picha ya mwanamke wa Kizungu.

"Sis, ni Billy. Niko hai."

Akausoma tena. Ndugu yake mdogo alikuwa ameondoka Nairobi mwaka uliopita kwenda Bangkok, kazi ya kupokea simu za wateja, na baada ya wiki chache akazama kama jiwe majini. Ajenti aliyempeleka alizima simu. Mama yao, Rosebella, aliyeishi papo hapo Gatina, aliacha hata kwenda maombi ya Jumatano kwa kuchoka kuulizwa habari za mwanawe.

Lakini matapeli ni wengi. Adhis akaandika: "Ulipokuwa mtoto mama alikuwa anakuita nani?"

"Jaduong'. Juu nilikuwa natembea nimefunga mikono nyuma kama mzee."

Adhis akaketi chini, kofia ya kazi ingali kichwani.

Billy aliandika upesi upesi. Alikuwa amefungiwa pamoja na vijana wengine ndani ya jumba lenye ukuta na walinzi wenye bunduki. Mchana kutwa wanalazimishwa kujifanya wanawake mitandaoni na kuwalaghai watu wa mbali, na ndiyo maana alitumia akaunti ile. Asiyefikisha kiwango hupigwa. Walipofika Thailand walipakiwa kwenye gari, wakasafirishwa kutwa nzima, kisha wakavushwa mahali gizani kwa mashua. Hakujua yuko wapi. Laini yake ilichukuliwa, lakini simu ndogo ya mbonyezo alikuwa ameificha ndani ya soksi.

"Haina laini, sis, lakini nimeambia itafute mitandao. Haileti majina. Inaleta namba tu: 414 06, 414 09, 520 03. Si wewe hupanda hizo minara? Hapa ni wapi?"

Adhis alizitazama namba zile. Mnara hautangazi jina la kampuni, hutangaza namba, na simu ndiyo inayoigeuza namba ile kuwa jina. Simu isipolijua jina, huonyesha namba yenyewe. Tatu za mwanzo ni za nchi, zinazofuata ni za kampuni. Ya Kenya aliijua kama jina lake, 639. Ya Uganda, 641, aliizoea tangu alipofanya kazi Busia, mpakani, ambako simu husikia nchi mbili kwa pamoja. Hizi nyingine alizitafuta papo hapo. 520 ilikuwa Thailand. 414 ilikuwa Myanmar.

Nchi mbili kwa pamoja. Kama Busia.

"Billy, mko mpakani. Hiyo nyumba iko na upande wa nyuma? Tafuta tena ukiwa huko."

Jibu lilichelewa. Adhis alivua mkanda, akaukunja, akaukunjua. Hatimaye simu ikatetema.

"Nyuma kwenye mlima naona 414 pekee. Mbele kuna mto, hapo ndiyo 520 inashika."

"Basi uko Myanmar, na ng'ambo ya mto ni Thailand. Ukiangalia huko ng'ambo unaona nini?"

"Hekalu la paa la dhahabu. Kando yake mnara mwekundu na mweupe. Sis, naitwa."

Hakuandika tena.

Adhis hakurudi kwake Silanga siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja mjini, buti zikiwa na vumbi, hadi ofisi ya Kamene, afisa wa kusaidia Wakenya walio ng'ambo. Kamene hakuwa amekaa bure. Alikuwa ameandikia Bangkok mara kadhaa, polisi wa kule wakaenda kwenye anwani iliyo kwenye mkataba, wakakuta duka la viatu.

"Madam, tumekuwa tukimtafuta nchi ambayo hayuko," Adhis alisema, akampa simu asome.

Kamene alisoma, akauliza namba zile zina maana gani, akaelezwa. Kisha akageuza kompyuta yake, wote wawili wakainamia picha za setilaiti, wakiufuata mto kona baada ya kona, wakitafuta paa la dhahabu lenye mnara kando. Macho yalikuwa yanawauma walipoliona. Ng'ambo yake, chini ya mlima, palikuwa na majumba marefu yaliyozungushiwa ukuta.

"Dada, sasa tuna mahali," Kamene akasema, akainua simu ya mezani.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Ubalozi wa Kenya kule Bangkok ulizungumza na watu wa kanisa moja waliokuwa wakiwasaidia waliokimbia vita kule mpakani, nao wakazungumza na wanajeshi walioshikilia eneo lile. Adhis hakumficha mama yake kitu. Rosebella alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitambaa kichwani, akasema, "Kama ako mahali, Mungu ako na pa kuanzia," akarudi kwenye maombi.

Lango la jumba lile lilifunguliwa na wanajeshi hao asubuhi ya mvua. Hakutoka Billy peke yake. Walitoka vijana wa mataifa mengi, Wakenya wakiwamo, wakavushwa mto mchana kweupe.

Jumapili Billy alipofika nyumbani, kwaya nzima ya kanisa la mama yake ilimngoja barabarani Gatina na mavazi yake ya bluu. Wapangaji walijaa kwenye veranda za ghorofa zote, wakipiga vigelegele, na waendesha boda boda wakapiga honi mpaka hakuna aliyesikia mwenzake. Billy alikuwa amekonda, ana kovu juu ya jicho, lakini alitembea mwenyewe. Rosebella hakulia. Alimshika mkono mmoja, Adhis akashika wa pili, na mama akaanza kuimba kwa sauti ambayo majirani walikuwa wameisahau, na barabara nzima ikaitikia.