Shati Bado Lina Joto

"Hivi jirani, yale maneno ya shati ni yako au ya mwanao?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja kwenye kamba ya nguo, kibanio mdomoni na kicheko kimemjaa mashavuni. Mjane alikung'uta shuka, akaianika, akaingia ndani na kufunga mlango. Mtaa mzima ulikuwa umeyashika maneno yale. Mtu akisinzia, hata kwenye foleni ya zahanati, mwenzake humgutua: "Amka baba, shati bado lina joto!" Na watu huvunjika mbavu.

Maneno yalikuwa yake. Aliyasema asubuhi moja tu, miaka ishirini na minane nyuma. Alikuwa akimpigia mumewe pasi shati la kazini. Mkono mmoja tayari, wa pili bado. Alipokwenda kumwamsha akamkuta ameshapoa. Hakulia. Alimwekea lile shati kifuani, akamwambia, "Amka baba, shati bado lina joto." Akarudia na kurudia, mpaka shati nalo likapoa. Mlangoni alikuwa amesimama binti yao wa miaka saba, ambaye baba yake alimwita Kasuku kwa jinsi alivyoiga kila sauti ya mle ndani.

Kasuku alikua akaingia kwenye maigizo. Miaka kumi alizunguka majukwaani bila kujulikana, kisha akaanza kuandika mwenyewe. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa wa mjane mwenye pasi. Mama alikwenda kuutazama, akaketi nyuma kabisa. Mwanawe alipoyasema yale maneno, ukumbi ulinyamaza kama watu walio katika sala. Usiku huo mama akalia, mara ya kwanza tangu msiba. Akamshukuru Mungu, akamsamehe mwanawe kwa kutoomba ruhusa.

Lakini televisheni ilitaka vichekesho. Mume akageuzwa mlevi asiyeamka. Kila kipindi Kasuku humrushia shati, akasema yale maneno, akabetua mabega na kumalizia, "Likipoa shauri yako!" Hapo vicheko hufunguliwa kama bomba.

Jumamosi Kasuku akaja, miwani ya jua kichwani, mfuko wa matunda mkononi. Akalikuta shati limetandikwa mezani, mkono mmoja umenyooka, wa pili na mikunjo yake ileile.

"Shikamoo mama. Hili bado unalo?"

"Marahaba. Shati ninalo. Maneno ndiyo yamenitoka. Nataka uyaondoe kwenye televisheni."

"Mama, vipindi vimesharekodiwa mpaka mwisho wa mwaka. Na hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa."

"Wanamcheka baba yako."

"Hawamjui baba! Wanamcheka mlevi wa kwenye runinga." Akakaa. Sauti ikashuka. "Na mimi nilikuwepo, mama. Nilisimama pale mlangoni. Hukuniita nisogee. Nilichopata kwa baba siku ile ni hayo maneno tu."

Miaka yote hiyo mama alijiona yuko peke yake chumbani na maiti. Yule mtoto wa mlangoni hakumkumbuka hata kwenye sala. Akamshika mkono, akauweka juu ya mikunjo ya shati.

"Nisamehe, mwanangu. Basi ni yetu sote wawili. Niambie kitu kimoja tu. Unapoyasema, unamwona?"

"Namwona, mama. Kila mara."

"Basi. Mimi sina neno tena."

Wakakaa hivyo, mkono juu ya mkono. Ndipo mlango ukasukumwa, hodi ikifuata nyuma. Jirani.

"Jamani, si nilisema hilo gari ni la staa! Kasuku wetu! Amka baba, shati bado lina joto!"

Hakumaliza vizuri. Uso wa Kasuku ulikuwa umeshawaka, mabega yamebetuka, na mkono wake, ule uliokuwa juu ya mikunjo, umelinyakua shati na kulirusha.

"Likipoa shauri yako!"

Jirani akapiga makofi, akacheka mpaka akashika ukuta. Shati likampita begani, likaanguka sakafuni karibu na viatu vya mlangoni.

Mama aliinama polepole, akaliokota, akalipangusa vumbi. Hakumkaripia. Alimtazama mwanawe usoni, na lile tabasamu la televisheni lilikuwa bado halijapata muda wa kuondoka.

Kasuku akashusha miwani machoni, akampita jirani mlangoni, akaenda zake.