Kesho Zilizovunda

Jumatatu asubuhi, dada wa mapokezi katika kliniki ya meno aliona kwamba wagonjwa wote watano waliokaa kwenye benchi wameziba midomo kwa viganja. Kila mmoja alidhani ni jino lake. Yeye peke yake alijua kuwa uvundo ule ulitoka kwenye sare yake, iliyofuliwa jana yake na kuanikwa juani kutwa nzima. Aliwagawia fomu za kujaza, akafungua dirisha.

Nyumbani alishajaribu kila kitu. Aliupangusa mpira wa mlango wa mashine ya kufulia kwa kitambaa chenye siki, akaisugua droo ya sabuni kwa mswaki mkuukuu, akaizungusha mashine tupu kwa maji ya moto hadi dirisha la jikoni likatoka jasho. Wapi! Mume wake alikuwa fundi wa lifti, na mji mzima ulimsifu: watu wakikwama ndani, alifika kabla hawajamaliza kuulizana majina. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, hana neno na mtu. Kuhusu mashine alisema, "Kesho nitaiangalia, mke wangu." Huu ulikuwa mwezi wa nne anasema hivyo.

Jumamosi, fundi akiwa kazini, mkewe alitega beseni chini ya mashine, akafungua kile kifuniko kidogo cha chini na kuchomoa chujio. Alitegemea kukuta soksi. Akakuta kesho. Zilikuwa nyingi, nyembamba kama leso, zimegandamana bonge moja na kuvunda vibaya sana. Alizibandua moja moja. Kila aliyoikamua ilitoa sauti ya mume wake, changamfu vilevile. Ya juu kabisa ilikuwa ya mashine. Ikafuata ya bomba la bafuni, ya kitasa cha mlango, ya kumpeleka mama akapimwe macho. Za balbu ya barazani zilikuwa kumi na moja.

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya vitunguu mezani, alisogea kuangalia.

"Baba yake naye alikuwa hivihivi," alisema. "Ila sisi tulifulia kwenye beseni, mwanangu. Tulikuwa tunazimwaga pamoja na maji."

"Sasa hizi nizifanye nini, mama?"

"Zifue. Si siku nzima nzima hizo? Hata hazijaguswa."

Ya chini kabisa ndiyo iliyomkalisha sakafuni. "Kesho nitakupeleka kwa mdogo wako ukamwone mtoto," ilisema alipoikamua. Ilikuwa na umri wa miaka miwili na nusu. Mdogo wake aliishi safari ya saa tano kutoka pale, na mtoto yule hakuwahi kumwona hata siku moja. Fundi alimkataza asihangaike na mabasi wakati gari lipo. Alimwamini, na kila mara alifunga begi, na kila mara alilifungua. Iliuma, na iliuma zaidi kukumbuka kwamba alikuwa akiimba huku akilifunga.

Alizifua zote kwa maji ya moto na siki, akazianika. Zilipokauka zilinukia asubuhi. Jirani wa ghorofa ya juu aliomba moja apate siku ya kulala, akapewa ya balbu.

Jumapili, chai ikiwa bado inafuka, alijitanda ile ya chini mabegani, akatoka. Siku ilikuwa pale nje, kamili, na basi linasubiri. Mdogo wake alifungua mlango kabla hajabisha.

"Dada, nimekusubiri tangu alfajiri," alisema. "Shemeji yuko wapi?"

"Ana kazi."

Mtoto alikuwa bado na wiki tatu, kama wakati wa ahadi ile. Mama yake mkubwa alimpakata kutwa nzima, akamwogesha, akambadilisha nepi mara nne, hata mara moja ambayo haikuwa na haja. Mtoto alimshika kidole na hakukiachia hadi usingizi ulipomchukua. Dada wa mapokezi alifurahi hadi mashavu yakamuuma.

Aliporudi nyumbani chai ilikuwa bado moto. Mabegani zilibaki nyuzi mbili tatu, akazikung'uta. Fundi alikuwa jikoni, pua juu, akinusa hewa isiyo na uvundo.

"Unaona?" alisema. "Nilijua tu itakaa sawa yenyewe."

Mama mkwe alikohoa ndani ya kikombe.

Dada wa mapokezi alimpigia simu mdogo wake. Mdogo wake aliikumbuka vizuri siku ile, mpaka wimbo uliomlaza mtoto.

"Ila hukurudi tena, dada," alisema, kisha akampa mtoto simu.

"Nani?" mtoto aliuliza. Akauliza tena, kisha akaiacha simu, akaenda kucheza.

Fundi alikuwa amesikia, na machozi yalimlengalenga, kwa sababu roho yake ilikuwa nzuri kweli.

"Kumbe anaongea!" alisema. "Basi kesho nawapeleka wote, na mama pia."

Ndani ya mashine kitu kilidondoka, laini, kama soksi. Mama mkwe alinyoosha mguu bila kuinuka kitini, akausukuma mlango wa mashine ukae wazi, upate hewa. Mke wa fundi akaenda chumbani kufunga begi.