Chumba Kipo

Kwenye simu mwenye nyumba alikuwa asali tupu. "Njoo hata sasa hivi, mwanangu. Chumba kipo, na kutoka hapa hadi chuoni ni pua na mdomo."

Binti alikuwa amekuja kusoma ugenini muhula mmoja, na wiki ya tatu hiyo alikuwa akilala ukumbini kwenye godoro la kuazima. Alifika mbio, akabisha hodi. Mama yule akafungua, akaiona pasipoti ya kigeni mkononi mwake, na asali ikageuka shubiri hapo hapo mlangoni.

"Pole, mwanangu. Kimechukuliwa asubuhi."

Tangazo la kupangisha lilikuwa bado limebandikwa dirishani, macho makavu kama ya mwenye nyumba.

Shoga yake wa darasani, mzaliwa wa mji ule, alipandwa na hasira kuliko yeye. "Mwongo mkubwa! Ngoja niende mimi, nikamuumbue!"

Binti akamsubiri kwenye ngazi za maktaba, roho imemtulia. Angalau alikuwa na mtu.

Baada ya saa moja shoga alirudi taratibu, akizungusha kitu kidoleni. Ulikuwa ufunguo.

"Kweli alikudanganya," alisema, akiangalia pembeni. "Chumba kipo kitupu. Ila ni kizuri, jamani! Na wewe si hakutaki? Kingekwenda kwa mtu baki bure."

Binti akakunja uso, akainuka kwenye ngazi.

"Usinune basi, shoga. Kwangu ni kwako. Ila ukija, pitia mlango wa nyuma, asikuone."